Kasoro ya Kumi na Mbili

Wifi yangu hugonga vitu. Ndiyo kazi yake na ameisomea, ila hajawahi kujifunza kuiacha kazini.

Siku kaka alipomleta nyumbani kama mchumba, baba alikuwa anamjua tayari, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake karakanani. Sisi wengine ndio tuliokuwa tunamwona mara ya kwanza. Akakaribishwa, akapewa soda, akaomba kwenda kunawa mikono jikoni, na kutoka huko tukasikia: ti, ti, ti, ti, du. Kimya. Du, du. Aliporudi sebuleni alikaa, akaweka mikono mapajani, akasema kwa heshima zote kwamba ukuta wa jikoni una vigae tisa vilivyoachia. Mama, ambaye alikuwa amepiga deki jiko hilo mara mbili kwa ajili yake, alinuna mpaka mgeni akaondoka. Baba alifurahi kuliko alivyowahi kufurahia matokeo yangu ya shule. Wiki ya tatu kigae kimoja kilidondokea kwenye sufuria ya mchuzi, na mama akaanza kumwita mwanangu. Mimi ilinichukua miaka sita. Mimi ni mtu wa kinyongo, na nasema mapema ili nisije nikasingiziwa upole.

Sasa kazi yenyewe. Ndege ndogo, zile za abiria wanane au tisa, zina sehemu nyingi ambazo hazikufungwa kwa misumari bali zimegundishwa. Mabati mawili membamba ya alumini, katikati sega lenye vyumba vidogo kama la nyuki, na gundi inayoshika vyote vitatu. Kitu chepesi, kigumu. Tatizo la gundi ni kwamba ikiumwa haisemi. Rangi inang'aa, bati limenyooka, ukipitisha kiganja ni laini, na ndani gundi imeshaachia zamani. Huwezi kupasua bawa ili uone ndani, maana ukishalipasua huna bawa. Kwa hiyo unagonga. Wifi ana nyundo yenye uzito wa kijiko cha chai. Anagonga kila upana wa kidole huku anasikiliza. Palipo pazima panasema ti. Palipoachia panasema du. Anapazungushia chaki, anaendelea. Ukiieleza hivyo inaonekana kazi ya mtoto aliyeachwa peke yake na kijiko, na kwa miaka sita mimi ndivyo nilivyokuwa nawaeleza watu.

Wagongaji hupewa cheti, na cheti kinaisha kila baada ya miaka miwili. Kukipata tena lazima wafanye mtihani, na mtihani ni kibao. Kibao hicho, kikubwa kama mlango, alikitengeneza baba yangu miaka ishirini iliyopita, alipokuwa Fundi Mkuu. Alikigundisha kwa mikono yake na kukitia kasoro kumi na moja za makusudi, kisha akachora karatasi ya majibu, akaisaini, akaifungia kwenye sanduku la chuma. Mtahiniwa anaingia peke yake, anagonga, anaweka alama. Akiikosa moja, amefeli. Akiweka alama mahali pazima, amefeli pia, kwa sababu mgongaji anayesikia ugonjwa usiokuwapo ataziweka ndege chini bila sababu.

Kibao kimoja, miaka ishirini. Mimi kazi yangu ni kupima macho, na ninaye mteja mmoja, dereva wa lori, ambaye husoma mstari wa mwisho wa herufi kabla hajakaa kwenye kiti. Nikimbadilishia ubao anauliza kama duka limefungwa. Karakana nzima ilikuwa imegeuka dereva yule.

Kaka naye alisomea kugonga, chini ya baba, darasa moja na wifi. Miaka kumi na nane iliyopita aliingia kwenye chumba cha mtihani akiwa wa kwanza, akatoka na alama kumi na mbili. Baba alimfelisha mbele ya darasa zima, ili isije ikasemwa anapendelea, na akamwambia neno ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kusahaulika: "Huna sikio." Kaka hakurudia mtihani. Aliingia kwenye biashara ya mapazia, kazi ambayo, kwa maneno ya baba, hata kiziwi angeiweza. Amefanikiwa. Mapazia yake yananing'inia yamenyooka. Lakini wageni wakija, baba humtambulisha wifi kwanza: "Huyu ni mwanangu wa karakanani." Halafu anamwonyesha mwanawe wa kumzaa kwa kidevu: "Na huyu ni wa mapazia."

Mwaka huu wifi alifanya mtihani wake wa kumi. Tisa ya mwanzo alifaulu yote. Wa kumi alitoka na alama kumi na mbili.

Msimamizi wa mtihani, mtu mpole anayeogopa karatasi, alimwita pembeni. "Dada, umechoka. Hiyo ya kona futa tu, mimi sijaona kitu."

"Sifuti."

"Basi umefeli."

"Nipe fomu ya rufaa."

Msimamizi alikuwa hajawahi kuiona fomu hiyo, ikabidi itafutwe. Masharti yake yalikuwa mafupi: kibao kitakatwa mahali panapobishaniwa, kasoro ikikutwa, mtahiniwa amefaulu, isipokutwa, amefungiwa miaka mitano. Wifi ana miaka arobaini na moja. Mgongaji akikaa miaka mitano bila kugonga, sikio linalala, na hakuna karakana inayomchukua. Hilo alilijua. Alijua pia kwamba kuna mstari unaosema: "Jina la aliyetengeneza kibao na aliyekosea." Hakusaini. Aliikunja akaja nayo kwetu.

Baba anaishi kwangu tangu mama afariki. Ana miaka sabini na minne, na runinga yake husikika mpaka nyumba ya tatu, kiasi kwamba majirani wameacha kununua magazeti. Jumamosi ile wifi alipoingia niliipunguza mpaka mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtihani umeendaje?"

"Nimefeli."

Baba akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema amefeli!" nikapaza sauti. Kusema kweli sikuchukia kulisema.

"Umekosa ipi? Ile ya katikati? Ile niliifanya ndogo makusudi."

"Sikukosa hata moja, baba. Nimeweka kumi na mbili."

Baba alinyoosha mgongo. "Niliweka kumi na moja. Niliziweka kwa mkono huu, moja moja, nikizihesabu."

"Sibishi. Zile kumi na moja ni zako. Hii moja ilijileta yenyewe."

"Kona gani?"

"Ya chini, kushoto."

Baba akawa anaitazama runinga isiyotoa sauti. "Kuna mtu mwingine aliwahi kuitaja kona hiyo," akasema. "Hakuwa na sikio." Mapazia yaliyokuwa nyuma ya kichwa chake alikuwa ameyafunga mtu huyo.

Wifi akaifunua fomu, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba ruhusa. Inanitaka niandike kwamba umekosea. Mimi ni mkweo, siwezi kuandika kitu kama hicho bila kukuambia."

"Andika," baba akasema. "Saini. Kateni. Halafu mtakuja hapa hapa kuniomba radhi, wewe na mumeo."

"Mume wangu bado hajui."

"Basi mwambie. Mambo ya kona hiyo ni yake."

Nilimfuata wifi jikoni. Nilitaka kumuuliza amerukwa na akili gani, kuhatarisha kazi ya miaka kumi na nane kwa ajili ya kona moja. Alikuwa amesimama mbele ya sinki bila kufungua maji.

"Wifi," akasema, "mimi nilisikia tangu mtihani wa kwanza."

"Ulisikia nini?"

"Du. Kona ile ile. Kaka yako alikuwa ameshafelishwa asubuhi, na wakati wa chakula darasa zima lilijua amefeli kwa kona ya chini kushoto. Mimi nikaingia mchana. Nikafika pale, nikasikia, nikapita. Nikapita mara tisa, wifi."

Nilishika mwiko. Sikumpiga, lakini niliushika. Miaka kumi na nane mwanamke huyu alikula meza moja na kaka yangu, akamsikia akiitwa wa mapazia, naye anajua.

"Na kwa nini leo?"

Alinieleza. Mwezi uliopita fundi mmoja alikuwa amemletea kipande cha nyuma ya bawa, akakigonga, akapata du, akakikataa. Fundi akalalamika: "Dada, hapo pamekuwa hivyo siku zote, kila mtu anajua." Wifi alimfokea mbele ya karakana nzima. Alimwambia kwamba ndege hazianguki kwa kasoro zisizojulikana tu, zinaanguka pia kwa zinazojulikana na kila mtu. Jioni akafika nyumbani, kaka akampakulia chakula, naye akairudisha sahani ikiwa imejaa.

Alimwambia kaka Jumamosi ile ile, baada ya kutoka kwangu. Kaka alikuwa anashona pindo la pazia la kijani. Kwa mujibu wa wifi, alisema "Kumbe," akamaliza pindo, akakata uzi. Kwa siku tatu hakumsemesha isipokuwa kuhusu watoto na mtungi wa gesi. Siku ya nne, wakati wa chai ya asubuhi, aliuliza: "Wewe ulisikia du, au ulisikia to?"

"Du."

"Mimi pia du." Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Unajua miaka yote hii simu ikilia naangalia kwanza kama ni yangu kweli? Nimekuwa siamini hata kengele ya mlango. Nimekuchukia siku tatu na sijamaliza. Lakini saini hiyo fomu."

Akasaini.

Ukataji ulipangwa Jumanne saa tatu asubuhi. Kaka alikataa kuja. Alisema kama mke wake amekosea hataki kuwapo, na kama hajakosea pia hataki kuwapo, na kwamba ana duka la kufungua. Baba alivaa suti aliyostaafu nayo. Mimi nikaenda kama dereva na mkalimani wake, maana bila mimi asingesikia hata akishinda.

Kibao kilikuwa kimelazwa juu ya meza mbili. Wagongaji wote walikuwapo, kumi na mmoja, wamejipanga ukutani kama wamekuja kuposa. Mmoja akauliza kwa nini kikatwe wakati karakana ina mashine ya mawimbi ya sauti, inayoona ndani ya gundi bila kupasua kitu. Macho yakamgeukia mwenye mashine, mtu wa makamo mwenye miwani ambayo, nilipoiona, nilijua si ya namba yake. Akajikuna.

"Mashine haitasaidia," akasema. "Ilirekebishwa kwa kutumia hiki kibao."

"Kwa hiyo?"

"Ilipokuja mpya ilionyesha kumi na mbili. Karatasi ya majibu inasema kumi na moja. Kwa hiyo tuliipunguza ukali kidogo kidogo mpaka ikaonyesha kumi na moja." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Ikasainiwa."

Msimamizi alikaa chini. Wifi alifumba macho, na nadhani alikuwa anahesabu ndege.

Baba aliomba nyundo. Akapewa ya wifi. Akainama juu ya kona ya chini kushoto, akagonga polepole, mara saba au nane, na hata mimi, ambaye sina cheti cha kitu chochote kinachohusu masikio, nilisikia du iliyo wazi kabisa. Baba akanyanyuka.

"Pazima," akasema.

Watu kumi na mmoja waliosomea kusikiliza walikuwa wanatazama sakafu, na mimi nikamwonea baba huruma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alikuwa haisikii tena du na hakujua kwamba haisikii.

Msumeno ukawashwa. Ulikata mraba wa ukubwa wa sahani, ukazimwa, na msimamizi akachomeka bisibisi kwenye ukingo. Bati lilinyanyuka bila shida yoyote. Halikupaswa kunyanyuka hivyo. Ndani, kati ya bati na gundi, palikuwa na kipande cha karatasi ya bluu, upana wa kiganja, kisafi kana kwamba kimewekwa jana.

Wifi alinieleza baadaye. Gundi hiyo huja kama shuka nyembamba, na mgongoni ina karatasi ya kuikinga, ambayo unaibandua kabla ya kugundisha. Mara nyingine inachanika, kipande kinabaki. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Baba hakuhitaji kuelezwa. Alikichukua kile kipande, akakigeuza. "Nani aligundisha hapa?" akauliza. "Mimi," akajijibu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu.

Kisha mgongaji mmoja wa zamani, mwenye mvi, akakohoa. "Mzee, mimi pia niliwahi kuisikia hiyo."

"Na mimi," akasema wa pembeni yake.

"Mimi tangu mwaka wa pili."

Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta. Nilimtafsiria baba kwa sauti, mmoja mmoja, na sikuruka hata mmoja.

"Kwa nini hamkusema?"

Mwenye mvi alitazama wenzake. "Mzee, kibao kilikuwa chako."

Baba akaomba daftari la matokeo. Msimamizi akasema daftari halionyeshwi bila barua. Baba akanyoosha mkono tu, akapewa. Akavaa miwani, ambayo ni ya namba yake, nilimpimia mwenyewe. Alifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akashuka kwa kidole, akitafuta waliofeli kwa kuweka alama mahali pazima. Walikuwa saba katika miaka ishirini. Wote saba, kona ya chini kushoto. Jina la kwanza alilisoma mara mbili. Ni jina alilolichagua mwenyewe, mtoto akiwa na siku saba.

Barua zilikuja baada ya wiki tatu. Ya wifi ilisema amefaulu. Mashine ilirekebishwa upya, na kila sehemu iliyowahi kupitishwa nayo ikashushwa na kugongwa kwa mkono, kazi iliyowala wagongaji wote mwezi mzima bila mapumziko. Ya kaka ilisema kwamba baada ya kuangaliwa upya, amefaulu mtihani wa miaka kumi na nane iliyopita, na kwamba cheti chake kiliisha muda miaka kumi na sita iliyopita, hivyo anashauriwa kufanya mtihani tena. Kaka akamuuliza mke wake kibao kipya kina kasoro ngapi. Wifi akasema hamwambii. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa wao kucheka tena mezani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumanne ile baba alikataa kupelekwa nyumbani. "Nipeleke kwenye mapazia," akasema.

Kaka alikuwa juu ya ngazi, anatundika pazia la maonyesho, pini amezibana midomoni. Wanawake wawili walikuwa wanachagua vitambaa. Baba alisimama katikati ya duka na suti yake, akatoa kile kipande cha bluu mfukoni, akakiinua juu ili kaka akione. Kwa kuwa hajisikii anavyoongea, aliongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Kilikuwamo! Nilikisahau mimi, nikakufelisha wewe. Nilikwambia huna sikio, na ulikuwa nalo. Nimekuvunjia maisha yako ya ujana kwa uvivu wa kutazama kosa langu. Nisamehe, mwanangu."

Kaka alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kola ya shati. Kisha akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema nini?" baba akaniuliza, kama anavyoniuliza kila siku ya Mungu.

Kila siku huwa namjibu. Siku hiyo nikamwachia kaka.

"Nimesema nimekusamehe," kaka akasema.

"Sikusikii!"

Kaka akashuka ngazi. Akasimama mbele ya baba, karibu kiasi cha kugusana, akapiga ukelele mpaka muuza viatu wa jirani akatoka nje kutazama: "Nimekusamehe, baba! Nimekusamehe!" Mara ya kwanza, nadhani, alilisema kwa sababu huyo ni baba yake. Safari hii alikuwa analia, na baba alikuwa amemshika mkono wa shati, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, kwamba ndiyo, sasa amesikia.